Boscastle, 16 Agosti 2004: kijiji cha pwani kilichopigwa na maji ya nchi kavu

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Ukisikia kijiji cha pwani kimefurika, akili inakimbilia baharini moja kwa moja: mawimbi, dhoruba, maji ya bamvua. Boscastle haikuwa hivyo. Maji yaliyokivamia kijiji kile yalitoka bara, yakashuka bondeni na kukikuta kimeelekeza macho yake yote baharini, kama kilivyofanya kwa karne nyingi. Nimelifuatilia tukio hili kwa muda mrefu, na naona linastahili uzi wake, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja aliyekufa, na sababu za kutokufa mtu zinafaa kujulikana kuliko idadi ya magari yaliyosombwa.

Kwanza mahali penyewe. Boscastle iko pwani ya kaskazini ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Bahari inaingia nchi kavu kwa njia nyembamba iliyopindapinda katikati ya majabali, na ndani kabisa kuna bandari ndogo yenye gati la mawe lililojengwa mwaka 1584 kwa agizo la Sir Richard Grenville. Nyuma ya bandari kuna nyumba za mawe zilizopangana kandokando ya mto, vidaraja, na miteremko yenye misitu pande zote mbili. Mwandishi Thomas Hardy alikwenda maeneo hayo mwaka 1870, akiwa bado kijana msanifu wa majengo, kushughulikia kanisa la St Juliot lililo juu ya bonde, na huko ndiko alikokutana na Emma Gifford, ambaye baadaye alimuoa. Watu wanaiendea Boscastle kwa uzuri wake, na wana haki.

Sasa tazama uzuri huo kwa jicho la maji. Bonde la mto Valency ni fupi na lina mteremko mkali. Ndani ya kilomita chache ardhi inapanda hadi karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mto wa pili, Jordan, ni mdogo zaidi na nao unashuka kwa kasi, unaungana na Valency palepale kijijini. Mvua yote inayonyesha kwenye kama kilomita 20 za mraba za vilima haina njia nyingine ya kwenda baharini isipokuwa mlango mmoja mwembamba, na mlango huo umejaa nyumba.

Siku ile ilikuwa Jumatatu, katikati ya msimu wa likizo, na kijiji kilikuwa na wageni wengi. Kuanzia mchana mvua kubwa ilianza kupiga vilima vya nyuma. Kipima mvua cha Otterham, upande wa juu, kilirekodi milimita 200 kwa siku hiyo, na sehemu kubwa ilinyesha ndani ya saa nne hadi tano. Lakini kati ya vipima mvua kumi vilivyokuwa karibu zaidi, vinne vilipata chini ya milimita 3. Yaani mtu angeweza kuwa kilomita chache kutoka hapo na asifungue mwavuli.

Mto ulianza kuvunja kingo zake kati ya saa tisa na nusu na saa kumi alasiri. Ilipofika saa kumi na moja jioni ulikuwa unapitisha takriban mita za ujazo 140 kwa sekunde, yaani lita 140,000 kila sekunde, katika mto ambao siku ya kawaida mtoto anauvuka kwa miguu. Magari yaliyokuwa kwenye maegesho ya juu ya kijiji yalinyanyuliwa, yakapita barabarani yakigongana, yakaingia bandarini na mengine baharini. Nyumba kadhaa zilibomoka. Makumbusho ya uchawi, ambayo yako pale tangu mwaka 1960, yalijaa matope na maji.

Helikopta saba, za jeshi la majini, jeshi la anga na walinzi wa pwani, ziliwatoa watu juu ya mapaa, juu ya miti na kwenye madirisha. Hesabu za waliookolewa zinatofautiana, zipo zinazosema karibu 100 na zipo zinazosema 150. Waliokufa ni sifuri.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

#2 Mwana wa Gati

Asante kwa uzi mkuu. Naomba unifafanulie hapo kwenye milimita 200. Ukiniambia milimita 200 naona sentimita 20 tu, maji ya kufika kwenye muundi wa mguu. Yanawezaje kubeba magari?

#3 Mleta mada

Swali zuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Milimita 200 ni lita 200 kwa kila mita ya mraba. Sasa hizo sentimita 20 zingebaki pale zilipoangukia, kweli zingekuwa za kulowesha muundi. Lakini hazibaki. Kilima kina mteremko, kwa hiyo maji ya kilima kizima yanakwenda mahali pamoja.

Fanya hesabu mwenyewe: kilomita ya mraba moja ni mita za mraba milioni moja. Chukua kilomita za mraba 20, uzipe wastani wa milimita 100 tu kwa sababu mvua haikuwa sawa kila mahali. Unapata lita bilioni 2. Na kweli makadirio yanayotajwa mara nyingi ya maji yaliyopita kijijini siku ile ni hayohayo, lita kama bilioni 2, zikipita kwenye njia ambayo sehemu nyingine haizidi upana wa barabara.

Na udongo haukuweza kusaidia. Udongo hunywa maji kwa kasi yake. Mvua ikizidi kasi hiyo, kinachobaki kinateremka juu ya ardhi hata kama chini bado ni pakavu.

#4 Msomaji wa Mawingu

Hiyo ya vipima mvua vinne kupata chini ya milimita 3 ndiyo iliyonishangaza. Mvua inawezaje kukaa mahali pamoja saa nne nzima wakati upepo unapuliza?

#5 Mleta mada

Hapa ndipo panaponivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki, mnivumilie.

Wingu halikusimama. Kila wingu liliondoka kama kawaida. Kilichosimama ni mahali mawingu yalipokuwa yanazaliwa. Siku ya joto nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, na upepo wa baharini unavutwa kuingia pwani. Siku ile upepo huo ulikutana na upepo uliokuwa ukivuma juu ya nchi kavu kutoka upande wa kusini na kusini magharibi, na mkutano wao ukawa mstari mrefu uliofuata ukingo wa pwani ya kaskazini ya Cornwall. Pepo mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hewa yenye unyevu ikapandishwa, ikawa wingu la ngurumo, likasukumwa kaskazini mashariki kufuata mstari uleule, na nyuma yake lingine likawa limeshazaliwa. Kila moja likapita juu ya vilima vilevile vya Otterham na Lesnewth na kumwaga mzigo wake hapo.

Ndiyo maana upande mmoja ulipata milimita 200 na jirani akapata 3. Mstari ulikuwa mwembamba.

Utabiri wa kompyuta wa wakati ule ulikuwa unaigawa nchi katika miraba ya kilomita 12 kwa 12. Bonde zima la Valency linaingia ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki. Tufani ndogo za namna hii hazikuweza kuonekana humo jinsi zilivyo. Baadaye wataalamu wa hali ya hewa wa Uingereza waliirudia siku ile kwa miraba ya kilomita moja, na mstari wa mvua ukajitokeza. Miaka iliyofuata walihamia kwenye utabiri wa miraba ya kilomita 1.5, na mwaka 2009 kikaanzishwa kituo cha pamoja cha utabiri wa mafuriko kati ya idara ya hali ya hewa na mamlaka ya mazingira. Kilichosukuma zaidi kituo hicho ni mafuriko makubwa ya mwaka 2007, ila Boscastle ilikuwa imeshaonyesha pengo lilipo.

#6 Fundi wa Kalvati

Mleta mada, umetaja vidaraja ukavipita haraka. Kwa sisi tunaoshughulika na ujenzi, hapo ndipo penye kisa. Maji peke yake yanajulikana, unaweza kuyapigia hesabu. Shida ni kile yanachokibeba.

Miteremko ya Valency ina misitu hadi kwenye maji. Mto ukifura unakula kingo, mti unang'oka na mizizi yake. Mti mmoja ukifika kwenye daraja lenye tao la chini unalala kwa upana. Wa pili unajishika kwa wa kwanza. Matawi na nyasi yanaziba matundu, kisha linakuja gari na kukaa juu yake. Hapo daraja limekuwa bwawa, na halikujengwa liwe bwawa. Maji yanapanda nyuma yake, yanatafuta pembeni, na pembeni ni milango ya watu. Kizuizi kikikatika, maji yote yaliyokuwa yamejazana yanashuka kwa mkupuo.

#7 Mleta mada

Fundi, umeimaliza kazi niliyokuwa nimeiacha. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Walioshuhudia walieleza maji kupanda kwa ghafla, kama ukuta, si kuongezeka kidogokidogo. Hiyo ni dalili ya vizuizi kukatika huko juu. Jordan nao ulikuwa unapitishwa kwenye kalvati chini ya ardhi, na kalvati lilipozidiwa maji yakapita juu, katikati ya majengo.

Ndio maana sikubaliani na wanaosema lile lilikuwa tukio la mvua tu. Mvua ilileta maji. Miti, magari na matao ya chini ndivyo vilivyoamua maji hayo yapite wapi na kwa kimo gani.

#8 Binti Mvuvi

Kaka, samahani, kuna jambo moja. Nimewahi kusoma kwamba kijiji kingine cha huko kilifurika tarehe ileile miaka ya nyuma na watu wengi wakafa. Na wapo wanaosema serikali ilikuwa inafanya majaribio ya kutengeneza mvua. Kuna ukweli?

#9 Mleta mada

Dada, unazungumzia Lynmouth, kwenye jimbo jirani la Devon. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti 1952. Yaani Boscastle ilipigwa miaka 52 baadaye, tarehe ileile. Watu 34 walikufa Lynmouth, na zaidi ya majengo 100 yaliharibiwa. Milima ya Exmoor iliyo nyuma yake ilipata kama milimita 229 za mvua kwa siku moja, juu ya ardhi ambayo ilikuwa imeshalowa.

Na kuna jambo la kuuma kuhusu Lynmouth. Mto wa West Lyn ulikuwa umebanwa ndani ya njia nyembamba ili ardhi yake itumike kwa majengo ya biashara. Usiku ule njia hiyo ikazibwa na mawe na magogo. Mto ukarudi kwenye njia yake ya zamani, na njia ya zamani ilikuwa imeshajaa nyumba. Wahenga walisema maji hufuata mkondo.

Kuhusu majaribio: ni kweli miaka hiyo ya mwanzo ya 1950 Uingereza ilikuwa ikijaribu kunyunyizia mawingu kemikali kutoka kwenye ndege ili yatoe mvua. Lakini hakuna ushahidi uliothibitisha kwamba majaribio hayo ndiyo yaliyoleta mafuriko ya Lynmouth. Mvua ya siku ile ilinyesha eneo kubwa la kusini magharibi mwa nchi, na Lynmouth ilikuwa imeshapata mafuriko mabaya mwaka 1607 na mwaka 1796, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na ndege. Bonde lenyewe linatosha kueleza. Naelewa kwa nini waliofiwa walitaka kumpata wa kuwajibika, na kama yupo wa kuulizwa, ni yule aliyeubana mto.

#10 Mtazamo wa Pili

Naomba kutofautiana kidogo. Nimeona watu wengi wanasema Boscastle ilinusurika kwa sababu ilikuwa mchana na Lynmouth ilikuwa usiku. Lakini mchana wa Agosti ndio wakati kijiji kina watu wengi kuliko wakati wowote wa mwaka. Maegesho yamejaa, migahawa imejaa, kuna watoto kila mahali. Usiku wageni wengi wangekuwa wameshaondoka. Kwa hiyo mchana uliongeza hatari, haukuipunguza.

#11 Mleta mada

Hoja yako ina uzito, na inanipa nafasi ya kusema jambo ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mchana uliongeza watu waliokuwa hatarini. Hilo ni kweli kabisa. Lakini mchana uliwapa watu hao vitu viwili. Cha kwanza, waliona. Waliona rangi ya mto ikibadilika, wakaona maji yakivuka ukingo, wakagongeana milango na kuhimizana kupanda. Walioshindwa kutoka nje walipanda ghorofani, ghorofa ilipoguswa wakapanda darini, na wapo waliotokea juu ya paa. Katika kituo cha wageni, watu wakiwemo watoto walikimbilia darini huku jengo likivunjika chini yao, na wakanyanyuliwa kutoka juu na helikopta. Ukiwa ndani usiku, giza na umeme umekatika, unashtukia maji yameshaingia ndani. Hayo ndiyo yaliyowakuta wa Lynmouth.

Cha pili, marubani waliona. Kumtoa mtu juu ya paa kwa kamba, kati ya kuta mbili za bonde jembamba, nyaya na miti vikiwa pande zote, ni kazi ngumu hata kwenye mwanga. Helikopta ziliitwa mapema, wakati bado haijajulikana ukubwa wa tukio, zikatoka kwenye vituo vya Culdrose na Chivenor. Aliyeamua kuita nyingi badala ya kuita moja kwanza na kusubiri taarifa, huyo ndiye aliyenunua ule muda uliobaki kabla ya giza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua moja yenye thamani kuliko zote za siku ile. Kazi iliendelea hadi usiku, maana walilazimika kupekua magari na majengo wakiamini wapo waliozama ndani.

Kwa hiyo ndiyo, saa ilisaidia. Lakini saa peke yake haipandishi mtu darini.

#12 Msomaji wa Mawingu

Nimesoma mahali kwamba ni tukio la mara moja kwa miaka 400. Kama ni hivyo wakazi wa sasa si wako salama?

#13 Mleta mada

Hapana mkuu, na tafsiri hiyo imewahi kuwaumiza watu sehemu nyingi duniani. Wataalamu walikadiria kwamba mafuriko ya ukubwa ule pale Boscastle yana uwezekano wa moja kati ya 400 katika mwaka wowote. Mwaka ujao una uwezekano huohuo, na mwaka unaofuata pia. Mto hauna kumbukumbu ya kusema nilishafurika, sasa nipumzike.

Isitoshe, Boscastle imefurika mara nyingine kwa kiwango kidogo. Kulikuwa na mafuriko miaka ya 1950, na mwezi Juni 2007, wakati kijiji bado kinajengwa upya, maji yakaingia tena, ingawa uharibifu haukukaribia ule wa 2004. Na ukitazama Cornwall yenyewe, kijiji kingine cha wavuvi kizuri vilevile, Coverack, kilipigwa Julai 2017 na mvua ya mawe na mafuriko ya saa chache tu. Huko pia watu walitolewa kwa helikopta. Na huko pia hakufa mtu.

#14 Fundi wa Kalvati

Walijenga upya namna gani? Waliacha mto palepale?

#15 Mleta mada

Palepale, ila waliupa nafasi. Valency ulipanuliwa na kuchimbwa kina zaidi ndani ya kijiji. Daraja la chini liliondolewa na kujengwa jipya lenye upana mkubwa, ili miti ipite badala ya kukwama. Kalvati la Jordan likafanywa kubwa. Maegesho yakainuliwa na kusogezwa mbali na ukingo. Huko juu bondeni, miti iliyo kando ya mto inasimamiwa ili ile inayoelekea kuanguka iondolewe kabla haijafika darajani. Nyumba zilijengwa kwa mawe na sura ileile ya zamani, kazi ya miaka na mamilioni ya pauni, na mgeni wa leo anaweza kupita asijue kilichotokea.

Mamlaka ya mazingira ilisema wazi kwamba kazi hizi hazikuundwa kuzuia mafuriko ya ukubwa wa 2004. Kuyazuia kungehitaji kuta ambazo zingekimaliza kijiji chenyewe. Wakachagua kupunguza mafuriko ya kawaida, na kwa yale makubwa wategemee tahadhari na watu kuondoka mapema. Mimi nauona uamuzi huo ni sahihi. Ninachowasifu ni kwamba wakazi waliambiwa ukweli wa mpaka wa kinga yao, hawakuachwa waamini kwamba daraja jipya limemaliza kila kitu.

#16 Binti Mvuvi

Swali la mwisho kaka. Mtu akiwa mgeni tu kwenye bonde kama hilo, hajui mto wala historia yake, aangalie nini?

#17 Mleta mada

Angalia juu ya bonde, usiangalie pale ulipo. Kwako linaweza kuwa jua, huku vilima vya nyuma vimefunikwa na wingu jeusi lisilosogea. Wingu likikaa hapo nusu saa, hamisha watoto kwanza, mengine baadaye.

Angalia maji. Yakigeuka rangi ya udongo ghafla, yakianza kuleta matawi na majani mabichi, huko juu mto umeshaanza kula kingo. Na kuna dalili moja inayowadanganya wengi: mvua inaendelea halafu mto unashuka kimo. Watu hufurahi na kurudi kuchukua vitu vyao. Mto ukishuka huku mvua inapiga, yawezekana kuna kizuizi kimejifunga juu yako, na kikikatika hutapata dakika tano.

Usivuke daraja lililoanza kukamata magogo. Na gari liache. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuyafanya magari mengi madogo yaanze kuelea, na yakifika sentimita 60 yanabeba hata makubwa. Panda kwa miguu, pembeni, kuelekea mteremkoni. Usishuke kufuata barabara ya bondeni hata kama ndiyo unayoijua, kwa sababu maji nayo yanashukia njia hiyohiyo. Kama umeshazingirwa, panda ghorofani ukiwa na kitu cha kuvunjia paa na kitambaa cha rangi kali cha kupungia, na ukiwa na simu, waambie waokoaji mko wangapi na mko jengo gani.